Kupiga soga kwa Kiingereza: salamu na jibu lake

Wengi wenye Kiingereza kizuri cha darasani hukwama kwenye salamu, kwa sababu walizikariri bila majibu yake. Ziandike kwa jozi. "How's it going?" hujibiwa "Good, thanks. You?" "What's up?" ya Wamarekani hujibiwa "Not much, you?", ukisema "I'm fine" umejibu swali jingine. "You all right?" ya Waingereza haina maana kwamba unaonekana mgonjwa. Ni "mambo?" tu, na "Yeah, you?" inatosha. Hilo "you?" la mwisho usiliache kamwe. Ila usiunganishe na habari za nyumbani, za kazi na za watoto kama tulivyozoea: Kiingereza huuliza mara moja kikapita.

Mtu akikuuliza "Good weekend?", "Yes" peke yake inaua mazungumzo. Ongeza kijambo kimoja cha kushika: "Yeah, pretty quiet. I finally fixed my bike." Sasa ana la kuuliza. Naye akisimulia, mwitikie kwa kitenzi kisaidizi kinacholingana na sentensi yake: "I went hiking" huitikiwa "Oh, did you?", "I'm moving house" huitikiwa "Are you?" Ukichanganya hapo, sikio lake hukwaruzika mara moja.

Mtego mkubwa kwetu ni swali la kukanusha. "You're not working today, are you?" Kwa Kiswahili, asiyefanya kazi siku hiyo hujibu "ndiyo", yaani umesema kweli. Kiingereza hutazama jambo lenyewe: hufanyi kazi, basi "No, I'm not." Ukisema "Yes", ataelewa kinyume.

Tena kuna "pole". Mtu akisema amechoka, "Sorry" tupu humfanya ajiulize unaomba radhi ya nini. Sema "Long day?" Kwa ugonjwa au msiba ndipo "I'm so sorry to hear that" inapofaa.

Mwenzako akivuta "Anyway...", anataka kuondoka; mwachie. "We should grab a coffee sometime" si miadi mpaka itajwe siku.

Chukua jozi 5 kwa wiki. Rekodi maswali kwenye simu ukiacha sekunde 2 kati ya moja na jingine, kisha ujibu kwa sauti, dakika 10 kila siku. Jibu likichelewa kuliko sekunde hizo 2, bado unatafsiri kichwani. Rudia jozi hiyohiyo kabla ya kuongeza mpya.