Mkia wa Ndege Ukikwaruza Njia ya Kurukia: Uchunguzi Unaanzia Wapi

Ndege ikikwaruza mkia wakati wa kuruka, mchunguzi anashindana na vitu viwili: saa na fagio.

Saa ni kwa sababu ya kinasa sauti cha chumba cha marubani, ambacho hujifuta kwa mzunguko. Vya zamani hubakiza dakika 30 za mwisho, vingi vya leo saa 2. Ndege ikishatua na kuegeshwa huku umeme unawaka, maneno ya wakati wa kuruka yanafutwa na mazungumzo ya watu wanaokusanya mabegi. Kwa hiyo agizo la kwanza unalotoa kwa simu, kabla hata hujavaa viatu, ni swichi za kukata umeme wa vinasa zivutwe mara injini zinapozimwa.

Fagio ni la uwanja. Wenye uwanja wanataka njia ifunguliwe, na gari la kufagia likipita linaondoka na vipande vya rangi na bati. Pima kila mchubuko ulipoanza na ulipoishia kutoka kizingiti cha njia, yaani mwanzo wake, upana wake, na umbali wake kutoka mstari wa katikati. Mchubuko wenyewe ukiwa mzito upande mmoja, shuku kwamba bawa lilikuwa limeinama, pengine kwa upepo wa ubavuni. Piga picha futi ya kupimia ikionekana, na usiishie pale lami inapoishia. Tarehe 20 Machi 2009 huko Melbourne, Airbus A340-500 ya Emirates, safari namba 407, ilipitiliza njia ya mita 3,657 na kugonga taa na antena ya kuongozea ndege zinazotua. Ilikuwa na watu 275. Ilirudi ikatua salama.

Kinasa data, kifaa kinachoandika mwenendo wa ndege, nacho usikitegemee peke yake, maana kipo mkiani, palepale panapopigwa. Melbourne kishindo kilikichomoa kwenye kitako chake. Omba pia kumbukumbu za kinasa kinachotumiwa na mafundi wa shirika.

Sasa chora mistari ya data: kasi, pembe ya pua, mkono wa rubani kwenye usukani, trimu ya mkia (mpangilio wa bawa la mkia unaosawazisha pua), flapu za mabawa, nguvu za injini, mchapuko, na swichi inayosema magurudumu yako chini au hewani. Data na sauti zipatanishe kwa kitufe cha redio: kila rubani anapokibonyeza, kinasa data huandika na sauti husikika. Kisha soma mfuatano. Kuinua pua kwa kawaida huenda digrii 2 hadi 3 kwa sekunde. Kasi ikiwa sahihi lakini pua ikapanda digrii 5 kwa sekunde, chunguza mkono na trimu. Pua ikianza kupanda kabla usukani haujavutwa, nenda kwenye trimu na mpangilio wa mizigo. Kasi ikishuka ghafla katikati ya kuinuka, ni upepo. Na pua ikiinuliwa taratibu, kila kitu kikionekana sawa, lakini ndege imegoma kuondoka chini, tilia shaka namba za uzito na kasi zilizopigiwa hesabu.

Mkia hugusa kwa sababu pua imefika pembe ya hatari magurudumu yakiwa bado chini. Kwa Boeing 737-800 pembe hiyo ni takriban digrii 11. Melbourne pua iliinuliwa kwa noti 145, yaani kama kilomita 269 kwa saa, wakati uzito halisi ulitaka noti 161. Nguvu ya kunyanyua hufuata kasi kwa kipeo cha pili: gawanya 145 kwa 161, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.81. Kwa pembe ileile, mabawa yalikuwa na asilimia 81 tu ya nguvu iliyokusudiwa. Rubani akiona ndege haipandi huvuta zaidi, na mkia unashuka.

Namba hiyo ya 145 ilizaliwa wapi? Kwenye kompyuta ya kupigia hesabu ya kuruka iliingizwa tani 262.9 badala ya 362.9. Tarakimu moja. Kosa hilo lilipunguza kasi zote na nguvu za injini pia, maana ndege ikionekana nyepesi, marubani huiambia mashine kwamba hewa ni ya moto kuliko ilivyo, nayo hupunguza nguvu ili injini zisichoke bure. Kwa hiyo kusanya karatasi ya mizigo, mpango wa safari na kompyuta yenyewe, kisha uzito uufuate kutoka mkono hadi mkono. Wahoji marubani mmojammoja. Swali la “nani alikosea?” halifiki mbali, uliza ni ukaguzi upi ulipaswa kuligundua kosa, na kwa nini wakati huo ulirukwa au ulikatizwa.

Mwili wa ndege ukague kwa ndani pia. Ngozi ya nje inaweza kuonekana imekwaruzwa tu huku mbavu zimepinda nyuma ya sufu ya kuzuia joto, au ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya kabini umepata ufa. Boeing 747 ya China Airlines ilikwaruza mkia ikitua Hong Kong mwaka 1980. Kiraka kikafunika michubuko badala ya kuiondoa, nyufa zikakua chini yake, na tarehe 25 Mei 2002 ndege ikapasuka angani, watu 225 wakafa. Kabla ndege haijaachiwa, dai michoro ya ukarabati, na uone kwa macho yako eneo lililokwaruzwa kabla kiraka hakijapigwa ribiti.