Kishindo cha lori linaposimama: namna ya kutafuta chanzo kabla ya kununua kipuri

Madereva wanaobeba shaba kutoka Kolwezi kupitia Likasi na Lubumbashi huigundua hitilafu hii hasa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ambako lori husogea kidogo, husimama, kisha husogea tena kwa saa nyingi. Gari limekwisha kusimama na mguu ungali juu ya breki, mara kishindo kimoja kinatoka chini ya sakafu, na kabini inasukumwa mbele kana kwamba kuna gari jingine lililoligonga kwa nyuma. Jibu linalotolewa haraka katika gereji ni krosi mpya, yaani viungo vya msalaba, za kardani, mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma. Huenda likawa jibu sahihi, lakini si mara chache krosi hubadilishwa, fedha hulipwa, na kishindo hubaki palepale. Kabla ya kufungua bolti yoyote inafaa kujua kishindo kinatokea wakati gani hasa, kwa kuwa wakati wake hueleza mengi kuliko ukubwa wa sauti yake.

Kishindo kinachosikika mara tu dereva anapoachia mafuta au anapogusa breki hutokana na ulegevu katika vitu vinavyozunguka. Hapo nguvu hubadilisha upande: badala ya injini kusukuma magurudumu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kila nafasi iliyochakaa kwenye giaboksi, krosi na difu (gia zilizo katikati ya ekseli ya nyuma) huzibwa kwa mpigo mmoja. Kishindo kinachokuja wakati gari linasimama kabisa, au punde baada ya kusimama, ni cha namna nyingine. Hicho hutoka kwa kitu kilichokuwa kimejikunja au kukwama wakati wa breki, kisha kikajirudisha mahali pake kwa ghafla.

Kwanza ondoa shaka juu ya mzigo na trela. Lori la tangi linalopeleka mafuta au asidi ya salfa migodini, likiwa halikujaa, husukumwa na kimiminika chenyewe: gari husimama, kimiminika huendelea mbele na kuupiga ukuta wa tangi. Msukumo huo ni mzito na laini, hurudi mara mbili au tatu ukipungua, wala hauna mlio wa chuma kugonga chuma. Ama pini ya trela, inayoiunganisha na lori, ile ya kawaida ya inchi mbili huwa na kipenyo cha milimita 50.8 ikiwa mpya, na ikifika milimita 49 lazima ibadilishwe. Tenganisha trela, pangusa grisi, pima kwa kalipa, kisha kagua pia kufuli ya sahani inayoipokea. Kazi hii ni fupi, na huzuia kardani nzima kulaumiwa bure.

Baada ya hapo fanya majaribio matatu kwenye uwanja tambarare usio na watu, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Katika la kwanza simamisha lori likiwa kwenye gia, ukikanyaga klachi mwishoni. Katika la pili toa gia mapema, kisha ndipo ufunge breki. Katika la tatu, ikiwa gari lina mkono wa breki za trela peke yake, tumia huo tu. Kishindo kikitoweka lori lisipokuwa kwenye gia, chanzo kiko kwenye nguvu inayopita kati ya injini, klachi na giaboksi. Pengine klachi haiachii vizuri, pengine raba zinazobeba injini na giaboksi zimepasuka. Kikibaki vilevile bila gia, macho yaelekee kwenye kiungo cha kutelezea cha kardani, kinachoiwezesha kurefuka na kufupika, na kwenye springi. Kikiwa kikubwa zaidi kwa breki za trela peke yake, rudi kwenye pini.

Asiingie mtu chini ya gari kabla injini haijazimwa, ufunguo haujatolewa, breki ya kuegesha haijafungwa na magurudumu hayajawekewa kabari mbele na nyuma. Anayefungua kardani aelewe pia kwamba kuanzia hapo gia haiwezi tena kulizuia lori.

Kiungo cha kutelezea kinastahili muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Breki zinapofungwa, springi hujikunja na ekseli ya nyuma hujizungusha kidogo, hivyo umbali kati ya giaboksi na difu hubadilika, na kardani hulazimika kurefuka au kufupika kupitia meno yake ya ndani. Meno hayo yakiwa makavu au yakiwa na kutu, hukwama. Gari likishasimama na springi zikaanza kunyooka, huachia kwa mpigo, na hicho ndicho kishindo kinachofanana na kugongwa kwa nyuma. Vumbi jekundu la kiangazi na matope ya masika huharibu hapa kwa haraka mno sili inapokuwa imechanika. Palipo na nipo (chuchu ya kupigia grisi), piga grisi mpaka itokee kwenye tundu dogo la mwisho wa kiungo, kisha ziba tundu hilo kwa kidole na uendelee kupiga mpaka grisi mpya itoke kwenye sili. Pasipo na nipo, kardani ifunguliwe, meno yasafishwe na kukaguliwa. Yaliyolika hayaponywi na grisi. Weka alama ya rangi pande zote mbili kabla ya kutenganisha, kwa sababu kardani iliyorudishwa ikiwa imepishana meno huleta mtikisiko barabarani.

Krosi hukaguliwa kwa mkono. Shika kardani upande mmoja wa krosi na uma, yaani mkono unaoishika krosi, wa upande wa pili, uzungushe huku na huku na kuinua juu na chini. Ukiona upande mmoja unatangulia mwingine, krosi imekwisha. Unga mwekundu wa kutu kandokando ya vikombe vyake huonyesha kwamba beringi za sindano za ndani zimekauka hata kabla ulegevu haujahisika. Wakati wa kupiga grisi, itoke kwenye vikombe vyote vinne; kimoja kikikataa, krosi hiyo haijatiwa grisi. Kwenye kardani ya vipande viwili, tazama pia raba ya beringi ya katikati.

Upande wa springi, mng'ao wa chuma au mistari ya kutu karibu na yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) ni dalili ya kulegea. Pima kutoka kwenye ekseli hadi sehemu isiyosogea ya chasisi, kushoto na kulia. Tofauti kubwa yaweza kumaanisha kwamba bolti ya katikati ya springi imekatika na ekseli imehama. Lori lenye ekseli mbili za kuvuta lina fimbo za kuzishikilia, na bushi zake zikichakaa ekseli huyumba mbele na nyuma. Ili kuona hilo, breki za trela zifungwe, msaidizi avute gari taratibu kwenda mbele kisha nyuma, nawe utazame ukiwa umesimama kando, mbali na magurudumu.

Difu iwe ya mwisho, kwa kuwa kuifungua ni gharama. Toa kizibo chenye sumaku: unga laini ni wa kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida.

Yubolti zilizofungwa upya zikazwe tena kwa kipimo cha mtengenezaji baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Majaribio yale matatu nayo yarudiwe kwa mzigo uleule, kwa sababu springi za lori tupu huenda zisijikunje kiasi cha kukitoa kishindo.