Ukienda Foundling Museum London, anza na watoto ndo upande kwenye michoro

Wengi wetu tukifika London tunakimbilia British Museum, na sawa, pale kuna mambo mengi, lakini sio mbali na hapo kwa miguu kuna makumbusho madogo ambayo natamani kila mzazi na kila mtu aliyewahi kulelewa na asiyemzaa ayaone. Yanaitwa Foundling Museum, yako namba 40 Brunswick Square, na yanahusu nyumba ya kulelea watoto iliyoanzishwa 1739 na nahodha mmoja anaitwa Thomas Coram. Ndani kuna michoro mikubwa ya Hogarth na Gainsborough, wachoraji maarufu wa Uingereza wa enzi hizo, na vitu vya Handel yule mtunzi wa muziki. Shida ni kwamba watu wanapanda juu moja kwa moja kuangalia michoro halafu wanaondoka bila kujua ile michoro iliwekwa pale kufanya kazi gani. Kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Kufika ni rahisi, panda treni ya chini ya Piccadilly ushuke Russell Square, hata ukitokea uwanja wa ndege wa Heathrow ni treni hiyo hiyo hubadilishi, ukitoka kituoni unatembea dakika chache tu. Jumatatu wanafunga, usije ukaenda bure. Watu wazima wanalipa kiingilio, watoto hawalipi, bei icheki kwenye tovuti yao kabla hujatoka nyumbani.

Kabla hujaingia simama kidogo nje. Sanamu ya Coram iko pale, hiyo utaiona tu, ila angalia na vyuma vya uzio, kuna kiglavu kidogo cha mtoto kimekaa juu kama kimeangushwa na mtu akakiokota akakitundika. Ni shaba ile, kazi ya msanii Tracey Emin. Wengi wanaipita.

Ukiingia, baki chini kwanza. Coram alikuwa ameishi Marekani akijenga meli, akarudi London akawa anaona watoto wachanga wametupwa barabarani, wengine wameshakufa, na akahangaika miaka 17 kuomba kibali cha kufungua nyumba ya kuwalea. Wakubwa walimkatalia kwa sababu waliona kuwasaidia watoto waliozaliwa nje ya ndoa ni kuhalalisha dhambi. Waliomfungulia njia ni wanawake 21, wa familia za makabaila, waliotia sahihi ombi lake, na ndo Mfalme George II akatoa hati Oktoba 1739. Watoto wa kwanza wakapokelewa Machi 1741.

Sasa hapo chini tafuta habari za mipira ya rangi. Nafasi zilikuwa chache kuliko akina mama waliokuja, kwa hiyo mama anaingiza mkono kwenye mfuko anatoa mpira bila kuuona, ukiwa mweupe mtoto anapokelewa kama hana ugonjwa, mwekundu unasubiri kama kuna mtoto wa mpira mweupe atakayekataliwa, mweusi unarudi na mwanao. Yaani bahati nasibu. Soma polepole, usipige picha tu ukapita.

Halafu nenda kwenye kabati la alama, na hapa ndo kaa muda mrefu kuliko pengine pote. Mtoto akipokelewa alibatizwa jina jipya, jina alilopewa na mama yake halitumiki tena, kwa hiyo mama aliacha kitu kidogo ili siku akija kumdai aweze kuthibitisha kwamba ni wake. Utaona sarafu zilizochongwa maandishi, vifungo, pete, hata ganda la njugu, kwa sababu kuna mama ambaye hicho ndo alichokuwa nacho. Wengi zaidi waliacha kipande cha kitambaa, kinabandikwa kwenye fomu ya mtoto, na mtu wa kwetu anayejua jinsi kanga inavyobeba ujumbe wa mwanamke ataelewa bila kuelezwa. Kati ya 1741 na 1760 walipokelewa watoto 16,282, waliokuja kuchukuliwa tena ni 152 tu. Ukishajua hivyo kila kitu kwenye lile kabati kinabadilika, kwa sababu vingi vilivyomo humo ni vya watoto ambao hakuna aliyerudi kuwafuata.

Kuna kipindi kigumu zaidi kisome pia, 1756 hadi 1760, Bunge lilitoa hela kwa sharti kila mtoto apokelewe, wakaja karibu 15,000 ndani ya miaka minne, na kama theluthi mbili walifariki. Kama wewe umefiwa na mtoto, au umekulia kituoni, nenda na mtu wako wa karibu, nasema kwa nia njema kabisa.

Ukimaliza ndo panda ngazi, na zile ngazi za mbao zimetoka kwenye jengo la zamani upande wa wavulana (jengo lenyewe lilibomolewa miaka ya 1920, watoto wakahamishiwa nje ya mji). Juu utamkuta Coram mwenyewe, alivyochorwa na Hogarth 1740, mzee amekaa na nywele zake mwenyewe bila wigi, muhuri wa hati ya mfalme mkononi, na tufe la dunia miguuni. Hogarth alikuwa mmoja wa wasimamizi wa ile nyumba na aliwashawishi wachoraji wenzake watoe kazi zao bure. Wakati huo London haikuwa na sehemu ya watu kwenda kuangalia kazi mpya za wachoraji wa Uingereza, kwa hiyo matajiri wakawa wanakuja kuona michoro, wanawaona na watoto, wanaacha hela. Hiyo ndo kazi ya ile michoro, ilikuwa inalisha watoto.

Chumba cha kamati, ambamo akina mama walikuwa wanahojiwa, kuna mchoro wa Hogarth wa askari wanaelekea Finchley, kaskazini mwa London. Mtafute askari wa katikati, kashikwa na wanawake wawili na mmoja ni mjamzito. Unajua tayari mtoto yule anaweza kuishia wapi.

Chumba kinachofuata ni kile cha kifahari chenye dari la nakshi nyeupe, wote wanaangalia juu. Wewe angalia Musa wa Hogarth. Binti Farao anamnyooshea mkono, mtoto hataki, kang'ang'ania nguo ya mama yake, na mama mwenyewe analipwa ujira wake kama yaya tu. Watoto wa hapa walipelekwa vijijini kunyonyeshwa na kulelewa mpaka kama miaka mitano, halafu wanarudishwa London, yaani wanaachishwa mama mara ya pili. Mimi naona huu ndo mchoro wenye ukweli kuliko yote humo ndani.

Ghorofa ya juu ni ya Handel, kuna wosia wake na makochi yenye spika ndani yake, unakaa unasikiliza muziki. Kuanzia 1750 alikuwa anapiga Messiah, ule utunzi wake maarufu wa kidini, kuwachangia hawa watoto, na kinanda cha kanisani kwao ni yeye aliyewapa. Kaa upumzike, utakuwa unahitaji.

Chini kabisa wanaweka maonyesho yanayobadilika. 2022 walifanya moja kuhusu watoto wenye asili ya Afrika na Asia waliokuwemo kwenye nyumba hii, kwa hiyo cheki kuna nini wiki unayoenda. Na kwenye kafe soma kuta, mshairi Lemn Sissay, mzaliwa wa mama wa Ethiopia aliyekulia kwenye familia ya kumlea na vituo hapo Uingereza, ameorodhesha wahusika wa hadithi waliolelewa na wasiowazaa.

Kama una watoto, jirani kuna Coram's Fields, uwanja wa michezo kwenye eneo la ile nyumba ya zamani, mtu mzima haingii bila kuongozana na mtoto. Na ukitaka kuona vile vitambaa, daftari zenye fomu zilizobandikwa hazikai makumbusho, ziko London Archives, hifadhi ya nyaraka ya jiji, ila sehemu ya kumbukumbu imeshawekwa mtandaoni na shirika la Coram ambalo bado linahudumia watoto mpaka leo, kwa hiyo hata uliyeko Mwanza au Mombasa unaweza kuzifungua ukasoma.