Kuandaa mkutano wa kampuni Edinburgh: anza na tarehe na pasipoti, ukumbi utafuata

Kampuni ikishaamua kwamba mkutano wa mwaka utafanyika Edinburgh, watu hukimbilia picha za kumbi. Si ajabu. Mji una ngome juu ya jabali la volkano, majumba ya mawe yaliyopigwa weusi na moshi wa zamani, na tangu 1995 Mji Mkongwe na Mji Mpya wake vimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini kama wewe ndiye uliyekabidhiwa kazi, unaishi Birmingham au Hamburg, na nusu ya wageni wanatoka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, picha ziache kwanza. Shika kalenda, kisha pasipoti za watu wako. Ukumbi mzuri kwa tarehe mbaya ni hasara, na ukumbi uliolipiwa viti vya watu walionyimwa viza ni hasara zaidi.

Agosti usiiguse. Tangu 1947 mwezi huo ni wa tamasha za sanaa: lile la Kimataifa na lile la Fringe huujaza mji kwa wiki tatu hivi, na maonyesho ya bendi za kijeshi huchukua uwanja wa mbele ya ngome. Kumbi ambazo ungezitaka hugeuzwa za michezo ya kuigiza, hadi madarasa ya chuo na vyumba vya chini vya makanisa. Hoteli hupandisha bei bila haya. Mwisho wa Desemba nao una Hogmanay, mwaka mpya wa Kiskoti, na barabara za katikati hufungwa. Februari na Machi tazama ratiba ya raga: wikiendi ambayo Uskoti inacheza nyumbani Murrayfield, chumba cha kawaida huwa adimu kama maji ya mfereji wakati wa mgawo. Mimi huchagua Mei au nusu ya pili ya Septemba. Katikati ya Mei jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo wageni hutoka mkutanoni na bado wanauona mji.

Kwenye bajeti ya malazi weka pia ushuru wa wageni wa Edinburgh. Ni 5% ya bei ya chumba kwa usiku tano za mwanzo, kwa watakaolala kuanzia tarehe 24 Julai 2026. Hausamehewi mtu kwa sababu amekuja kikazi, wala kwa sababu anaishi Uingereza.

Sasa pasipoti, na hapa ndipo wengi huumia. Uingereza, pamoja na Uskoti, haimo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja. Dada yetu mwenye pasipoti ya Kenya na kibali cha kuishi Ujerumani anahitaji viza ya Uingereza sawasawa na mwenzake aliyeko Mombasa. Mwenye pasipoti ya Ujerumani haihitaji, ila tangu Aprili 2025 lazima aombe idhini ya kielektroniki, ile ETA, kabla hajapanda ndege. Kwa hiyo unapokusanya majina, usiulize mtu anaishi wapi. Uliza anasafiri na pasipoti gani, na iangalie tarehe yake ya mwisho kwa macho yako mwenyewe. Kuna mtu mzima, mkurugenzi kabisa, atakayekutumia picha ya pasipoti iliyokwisha muda.

Ombi la viza ya ugeni haliwezi kupelekwa mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya safari, na jibu la kawaida huchukua wiki 3 baada ya mwombaji kwenda kituoni kutoa alama za vidole. Hesabu kurudi nyuma. Miezi 5 kabla, orodha ya wageni imefungwa. Miezi 4 kabla, kila mmoja ana barua yake ya mwaliko. Siku dirisha linapofunguka, fomu zinaingia. Ukisubiri mpaka bosi amalize kubadili mawazo kuhusu nani aje, utajikuta unalipia huduma ya haraka kwa watu kumi.

Barua ya mwaliko iwe ya kazi, si ya salamu. Jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, cheo na kampuni anayotoka, tarehe za mkutano na mahali, atalala wapi, nani analipa tiketi, nani analipa chumba, nani analipa chakula. Ukiandika kwamba kampuni inagharamia kila kitu, basi mgeni asije akajaza kwenye fomu kwamba anajilipia. Tofauti ndogo ya namna hiyo humfanya mtu aonekane mwongo wakati hajadanganya neno. Mwambie pia asiazime fedha za shemeji na kuzimwaga kwenye akaunti wiki moja kabla ya kutoa taarifa ya benki. Afisa wa viza huuliza kila shilingi imetoka wapi.

Viza ya ugeni inaruhusu mtu kuhudhuria mikutano, makongamano na mazungumzo ya biashara. Haimruhusu kuja kufanya kazi, wala kuuza bidhaa moja kwa moja kwa umma. Mjomba anayepanga kuja na sanduku la vitenge auze pembeni ya ukumbi, mkatalie mapema kwa heshima. Msemaji atakayelipwa ana utaratibu wake: malipo yaelezwe tangu kwenye ombi, mwaliko utoke kwa taasisi iliyoko Uingereza, na kazi hiyo aimalize ndani ya siku 30 tangu aingie nchini.

Na wapo watakaonyimwa. Ada hairudi. Ndiyo maana ninasema pasipoti itangulie ukumbi: mkataba wa hoteli au ukumbi una idadi ya chini utakayolipia hata watu wasipofika, na una tarehe ambayo baada yake huwezi kupunguza. Jitahidi tarehe hiyo iwe baada ya majibu ya viza, si kabla. Wenye ukumbi wakikataa, anza na idadi ndogo na omba haki ya kuongeza. Kuongeza viti kumi ni rahisi. Kuvipunguza utaitwa kwenye kikao cha fedha. Uliza pia kila bei unayopewa kama ni pamoja na VAT ya 20% au bado, kwa sababu watu wa kumbi hupenda kutaja bei isiyo na kodi, na tofauti hiyo kwenye chakula cha watu mia si mchezo.

Ukifika kwenye ukumbi, ushauri wangu huu hapa, na wako wanaonipinga: mkutano wa mchana ufanyie jengo la kisasa, chakula cha jioni ndicho ukipeleke kwenye jengo la kale. Kituo cha mikutano cha EICC, mtaa wa Morrison, kilifunguliwa 1995 na sura yake haimvutii mtu kupiga picha, lakini lifti zinafanya kazi, intaneti ipo, na ukichomeka projekta inawaka. Jioni ndipo uwapeleke watu Assembly Rooms, mtaa wa George, vyumba vilivyofunguliwa 1787 vyenye vinara vya fuwele vinavyoning'inia darini. Au ukumbi mkubwa wa Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Chambers, wenye nguzo nyembamba za chuma na paa la kioo linaloufanya uonekane kama kizimba cha ndege. Ngome nayo hukodisha vyumba vya hafla kupitia Historic Environment Scotland, ambayo ndiyo mwangalizi wake.

Jengo la kale lina masharti, na hayamo kwenye picha. Makumbusho hufunga milango kwa wageni wa kawaida saa 17:00. Wageni wako wakialikwa saa 19:00, meza, vitambaa, maua na vipaza sauti vyote viwekwe ndani ya hizo saa mbili. Uliza: tunaruhusiwa kubandika kitu ukutani? Mishumaa? Mvinyo mwekundu juu ya zulia? Umeme wa jukwaa unatosha? Muziki unakatwa saa ngapi? Mgeni wa kiti cha magurudumu anaingia mlango gani, na je, ni mlango ule ule wa wenzake au wa jikoni?

Halafu nenda ukaione njia ya kuingizia mizigo. Ukitoka barabara kuu ya Mji Mkongwe, ile Royal Mile inayoteremka kutoka ngomeni hadi kasri la Holyrood, unakutana na vichochoro vinavyoitwa close. Vingine ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana mmoja ageuke ubavu, vina ngazi za mawe zilizolika katikati, na mvua ikinyesha zinateleza. Spika ya kilo 40 haitelemki pale kwa toroli. Itabebwa mabegani, na fundi sauti akishaiona njia hiyo atakuletea kotesheni mpya. Afadhali umpeleke kabla hajakupa ya kwanza.

Jambo dogo la ratiba: kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, ngome hupiga mzinga saa 13:00 kamili, kawaida iliyoanza 1861. Ukumbi wako ukiwa karibu, usimpandishe mgeni rasmi jukwaani 12:55. Wenyeji hutazama saa zao, wageni wetu hutazama mlango.

Chakula. Kumbi nyingi za kale zina orodha ya wapishi walioidhinishwa na nje ya hao hapiki mtu, kwa hiyo yule mama wa pilau kutoka Glasgow mnayemtegemea kwenye harusi hataingia. Mwombe mpishi wa ukumbi aionje pilau yenu na mjadiliane. Wako wanaokubali kupika kwa maelekezo yenu. Halali usiulize kwa ndiyo au hapana. Uliza nyama inanunuliwa wapi, ina cheti gani, na kama vyombo na mafuta ni vile vile vya nyama nyingine. Haggis, moyo, ini na mapafu ya kondoo vilivyochanganywa na nafaka ya oats na viungo, itawekwa kwenye menyu hata usipoiomba. Wakenya wataiita mutura (soseji ya matumbo) ya wazungu na kuongeza sahani. Ipo pia isiyo na nyama. Kama jengo halina leseni ya pombe, anayeiuza ataomba kibali cha muda kwa bodi ya leseni ya halmashauri, na hilo lina wiki zake.

Mkutano wa Novemba au Desemba ukiwa na Waislamu, panga ratiba upya. Mwezi wa Desemba magharibi huingia takriban saa 15:40, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zote huangukia saa za kazi. Tenga chumba, na weka mapumziko mafupi matatu badala ya moja refu. Msikiti mkuu uko Potterrow, hatua chache kutoka McEwan Hall, ukumbi wa chuo kikuu.

Kwenye mialiko andika saa kwa mtindo wa 24. Anayesoma "saa mbili" Dar es Salaam na anayeisoma Leeds hawatafika pamoja. Kwa vikao vya maandalizi kumbuka kwamba Nairobi inaitangulia Edinburgh kwa saa 2 majira ya kiangazi na saa 3 majira ya baridi.

Kutoka uwanja wa ndege, tramu huingia hadi mtaa wa Princes kwa takriban nusu saa, na kwa kundi dogo ni nafuu kuliko basi la kukodi ambalo hata hivyo halitapata pa kusimama Royal Mile. Waandikie kinamama mapema kuhusu viatu: barabara zimetandikwa mawe, na mchuchumio mwembamba unanasa katikati yake. Waje na viatu viwili. Na koti la upepo, hata Mei.

Jioni ya mwisho punguza hotuba, kodi bendi ya ceilidh. Ni ngoma ya pamoja ya Kiskoti ambayo mtu mmoja husimama na kipaza sauti akitaja hatua, kwa hiyo asiyejua hana cha kuonea aibu. Nimeona wahasibu waliokaa siku mbili bila kusalimiana wakizungushana mpaka jasho.

Asubuhi inayofuata Watanzania watauliza Mwalimu alisoma wapi. Nyerere alikuwa Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949, akahitimu 1952. Wapitishe George Square, kwenye eneo la chuo. Kutoka hapo hadi stesheni ya Waverley ni mwendo wa dakika 15 hivi kwa miguu. Treni za London huchukua takriban saa nne na nusu. Atakayesafiri siku hiyo aache mizigo hotelini kabla ya matembezi.