Namna ya Kununua Seti za Lego za Toleo Dogo kwa Nia ya Kuziuza Baadaye

Anayenunua seti ya Lego leo, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kuchezea vinavyounganishwa kujenga kitu, akikusudia kuiuza baada ya miaka kadhaa anapaswa kujua kwanza kwamba uchache peke yake haupandishi bei. Bei hupanda pale kiwanda kinapoacha kuitengeneza seti huku watu wanaotaka kuijenga au kuimiliki wakizidi kujitokeza. Kampuni ya Lego, ambayo makao yake ni Billund nchini Denmark, huziacha seti zake nyingi madukani kwa kipindi cha mwaka mmoja na nusu hadi miwili hivi, kisha huziondoa. Tangu siku hiyo kila boksi linalofunguliwa hupunguza idadi ya yale yaliyobaki na lakiri zake.

Takwimu inayowavuta wengi katika biashara hii ni ya Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova, watafiti wa Higher School of Economics ya Moscow, waliochunguza bei za seti zaidi ya 2,300 zilizotolewa kati ya mwaka 1987 na 2015 na kukuta kwamba kwa wastani thamani yake ilipanda kwa takriban asilimia 11 kwa mwaka. Walanguzi huinukuu namba hiyo bila kusema kwamba katika kundi hilohilo zimo seti zilizopoteza thamani, wala kwamba kwa kawaida bei huanza kupanda miaka miwili au mitatu baada ya seti kuondoka madukani. Fanya hesabu yako mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Tuseme umenunua seti kwa dola 100 na baada ya miaka minne unaiuza kwa dola 150: ukitoa ada ya soko la mtandaoni, ambayo mara nyingi huzidi sehemu moja ya kumi ya bei, pamoja na gharama za kufungasha na kusafirisha, unaweza kubaki na dola 115, yaani faida isiyofika asilimia 4 kwa mwaka, na hapo hujahesabu nafasi ambayo boksi limechukua nyumbani kwako.

Katika kuchagua, tafuta kitu kisichopatikana ndani ya seti nyingine yoyote. Seti ya Cloud City ya mwaka 2003, inayotokana na filamu za Star Wars, ina vipande 698 tu na iliuzwa madukani kwa takriban dola 100, lakini ndani yake mna sanamu ndogo ya Boba Fett, mhusika wa filamu hizo, iliyochapwa rangi hadi mikononi na miguuni, na wakusanyaji wako tayari kulipia sanamu hiyo peke yake fedha nyingi kuliko bei ya awali ya seti nzima. Mr. Gold wa mwaka 2013, sanamu ndogo ya rangi ya dhahabu aliyefichwa ndani ya vifuko visivyoonyesha kilichomo, alitengenezwa kwa idadi ya 5,000 duniani kote, na idadi hiyo ilitangazwa waziwazi. Vivyo hivyo, mwaka 2021 seti zilizobuniwa na mashabiki na kuuzwa kwa oda za awali kupitia BrickLink, soko la mtandaoni ambalo Lego ililinunua mwaka 2019, ziliwekewa kikomo cha 10,000 kwa kila moja. Kikomo kilichotangazwa ni msingi imara zaidi kuliko maneno ya muuzaji anayedai kwamba seti yake ni adimu.

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote iko mikononi mwa kiwanda chenyewe. Seti ya Taj Mahal, jengo maarufu la India, ya mwaka 2008, yenye vipande 5,922, iliuzwa kwa takriban dola 300, na baada ya kuondolewa ikawa inauzwa kwa maelfu ya dola. Waliochelewa waliinunua kwa bei hiyo ya juu wakiamini kwamba haitarudi. Mwaka 2017 Lego iliitoa upya, karibu sawa kabisa na ile ya kwanza, na bei ya nakala za zamani ikaporomoka. Mwaka huohuo ikatoka Millennium Falcon mpya, chombo cha angani cha Star Wars, yenye vipande 7,541, ambayo kwa ukubwa iliizidi ile ya mwaka 2007 yenye vipande 5,195, nayo pia ilipunguza hamu ya wengi kuitafuta ya zamani. Kwa maoni yangu, jengo au chombo ambacho kila mtu anakijua ndicho hasa kiwanda kina sababu ya kukirudia, kwa hiyo usinunue kitu cha namna hiyo baada ya bei yake kuwa imekwisha kupaa.

Unapopima bei, puuza kile ambacho wauzaji wanaomba na utazame kile ambacho wanunuzi wamelipa. BrickLink huonyesha mauzo ya miezi sita iliyopita, ikitenganisha seti mpya na zilizotumika, na eBay, soko jingine la mtandaoni, ina kichujio cha bidhaa zilizokwisha kuuzwa. Seti inayoombewa dola 900 na wauzaji arobaini, ilhali ni mbili tu zilizouzwa katika miezi hiyo, haina soko.

Ninunue ngapi, huuliza wengi. Lego huwekea baadhi ya seti kikomo kwa kila mteja, na ninaona ni haki kukiheshimu bila kutumia majina ya ndugu na jamaa, kwa sababu vitu hivi vimetengenezwa kwanza kwa ajili ya watoto, na mtoto aliyekuta rafu tupu hanufaiki kwa lolote na ulanguzi wa mtu mzima.

Boksi lihifadhiwe mahali pakavu, mbali na jua, bila kuwekewa mzigo juu, kwa kuwa kona iliyobonyea au lakiri iliyolegea hushusha bei hata kama vipande havijaguswa. Kwa seti iliyofunguliwa, vipande vyeupe vinavyopigwa na mwanga hugeuka manjano, na kitabu cha maelekezo kikipotea wanunuzi makini huondoka.

Jihadhari pia na bandia. Mwaka 2019 polisi wa China walivamia waliokuwa wakitengeneza Lepin, nakala za seti za Lego, na mwaka uliofuata mahakama ya Shanghai ikamhukumu kiongozi wao kifungo cha miaka sita na faini ya yuani milioni 90. Mr. Gold wa bandia bado wamejaa sokoni. Mwombe muuzaji picha za karibu za lakiri, za namba ya seti na za chapa ya Lego iliyo juu ya kila kijinundu cha kuunganishia vipande, na ulipe kwa njia inayokuwezesha kurudishiwa fedha. Ukifika wakati wa kuuza, piga picha hizohizo za boksi lako, hasa kona zake zote, kabla ya kulifunga ndani ya katoni kubwa yenye vijazio pande zote sita.