Kushusha Subaru kwa springi fupi au koilova: pima barabara yako kwanza

Kabla hujagusa spana, chukua futi kamba. Pima kutoka katikati ya habu (sehemu ya kati ambayo gurudumu hufungwa) kwenda juu wima hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, uandike. Usipimie kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Subaru Impreza yangu ya mwaka 2003 ilikuwa na milimita 385 mbele kabla sijaishusha.

Kipimo cha pili wengi hukiruka, na ndicho kinachoamua kila kitu hapa Uganda. Nilikata sponji ya unene wa milimita 30, nikaibandika kwa gundi ya karatasi chini ya kinga ya injini, kisha nikapita njia zangu za kila siku: tuta la kuingia mtaani kwetu Bweyogerere, barabara ya Jinja hadi Mukono, na ile njia ya udongo ya kwa mjomba. Niliporudi sponji ilikuwa na mchirizi mmoja mwekundu upande wa kulia, basi. Hapo nikajua milimita 30 ndio mwisho wangu, nikachagua 25. Wewe anayetumia Entebbe Expressway pekee utapata jibu lingine. Anayekwenda Masaka kila wiki, na matuta yale ya kila mji mdogo, atapata jingine kabisa.

Sasa uchaguzi. Springi fupi zinatumia shokapu ulizonazo, hushusha kiasi kilichopangwa na kiwanda, kwa kawaida kati ya milimita 20 na 40, na hutaweza kubadilisha mawazo. Shokapu zikiwa zimechoka, springi mpya zitazimaliza haraka, kwa hiyo zibonyeze kwa mkono kwanza, uangalie kama kuna mafuta yanayotoka. Koilova ni springi na shokapu pamoja, na urefu unaurekebisha mwenyewe. Ukipata hela, nunua zile ambazo mguu wa chini nao unazungushwa: unashusha gari bila kupunguza nafasi ya shokapu kupanda na kushuka.

Kuna njia ya tatu, na nakuomba usiifuate: kukata springi kwa grainda. Niliifanya. Fundi alinikatia mzunguko mmoja kila upande, kazi ya nusu saa. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiikata 1 inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na ncha iliyokatwa haikai sawa kwenye sahani yake. Siku moja gurudumu la mbele lilining'inia ukingoni mwa lami, springi ikatoka kwenye sahani yake, na gari liliposhuka ikarudi vibaya kwa mlio kama jiwe limegonga bati. Mtoto wa dada yangu alikuwa kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo, kila kijana anayeniambia atakata springi namketisha chini tuongee.

Haya, kazi yenyewe. Ninaeleza Impreza.

Hatua ya 1. Egesha kwenye saruji iliyo sawa. Legeza nati za magurudumu gari likiwa bado chini, inua kwa jeki, kisha weka stendi. Jeki peke yake haishiki gari ambalo mtu ameingiza mkono ndani yake.

Hatua ya 2. Fungua klipu ya mpira wa breki na ya waya wa ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukifunga breki) kwenye shokapu. Bolti mbili kubwa hushika shokapu na habu. Ile ya juu, mbele, ndiyo inayoamua tairi inainama kiasi gani, na kichwa chake kina alama. Chora mstari kwa rangi nyeupe kabla hujailegeza. Bolti zikiwa na kutu, piga mafuta ya kulegeza usiku uliotangulia.

Hatua ya 3. Nati tatu za juu, ndani ya boneti. Shika shokapu kwa mkono mmoja unapotoa ya mwisho. Ile nati ya katikati usiiguse! Inashikilia springi iliyobanwa. Nyuma, kwenye sedani, itabidi utoe kiti cha abiria cha nyuma.

Hatua ya 4, kwa wa springi tu. Funga vibana springi viwili, kimoja kila upande, vikaze kwa zamu kidogo kidogo mpaka springi icheze kwenye sahani. Ndipo ufungue nati ya katikati, uso ukiwa mbali. Kama huna vibana vizuri, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kubania. Sio aibu.

Hatua ya 5. Rudisha kwa mpangilio wa kinyume. Nati za juu ni ndogo, zinakatika kwa kukazwa kupita kiasi. Bolti kubwa za habu ndizo zinazotaka nguvu, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na namba ya kitabu cha gari lako.

Endesha kilomita 200 hivi springi zikae, pima tena kutoka habu hadi fenda, kisha nenda alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Taa za mbele nazo zirekebishwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mbarara: Kaka, nina Toyota Altezza. Hatua ni hizi hizi?
Hapana, ndugu. Altezza ina mikono miwili (vyuma vinavyoshika gurudumu), juu na chini, mbele na nyuma. Shokapu inakaa juu ya bushi (pete ya mpira) kwenye mkono wa chini. Bolti ya bushi ikaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukiikaza likining'inia, bushi itabaki imejisokota na kupasuka mapema.

Kutoka Jinja: Nikishusha milimita 60 si litashika kona zaidi?
Kwa Impreza, la. Mikono ya chini itaelekea juu, na ile nukta ambayo gari hulalia kwenye kona itashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wenyewe. Gari linaweza kulala zaidi ya lilivyokuwa.

Dada wa Entebbe: Tangu nifunge, nikikata usukani nikiwa nimesimama nasikia "twang".
Dada, springi inajisokota kisha inaruka. Angalia beringi ya sahani ya juu ya springi, na kama ncha ya springi imekaa kwenye kituo chake. Usiiache hivyo.

Kutoka Gulu: Koilova zangu hazizunguki tena, ringi za kurekebishia urefu zimeganda.
Vumbi jekundu, ndugu. Likichanganyika na grisi linakuwa kama simenti. Usipige kwa nyundo na patasi, nyuzi ni za aluminiamu mara nyingi. Osha kwa maji ya moto na brashi ya meno, weka mafuta ya kulegeza, subiri usiku mzima, jaribu kwa spana ya ndoano. Zikishalegea, usirudishe grisi. Tumia kilainishi kikavu, halafu vika nyuzi soksi ya mpira, na kila mwisho wa kiangazi uivue usafishe.