Homa ya mtoto isiyokatika: uliza kwanza, pima baadaye

Msimu wa korosho uliopita, bibi mmoja aliniletea mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi minane. Homa ilikuwa siku ya 11. Mimi ni tabibu wa zahanati huku Newala. Kipimo cha haraka cha malaria kilisoma chanya, nami nikashika kalamu nimwandikie dawa mseto.

"Hiyo kashaimaliza juzi, mwanangu," bibi akasema.

Nikaweka kalamu chini. Kipimo kile hunasa protini ya vimelea, nayo hubaki kwenye damu hata wiki kadhaa baada ya tiba. Mtoto aliyemaliza dozi karibuni, damu yake iangaliwe kwa darubini.

Kwa hiyo anza na maswali. Homa ni ya kila siku, au hupoa siku kadhaa ikarudi? Ikienda na kurudi, ulizia papasi, kupe wanaoeneza homa ya vipindi, kwenye nyumba ya udongo. Nani nyumbani anakohoa? Kilo zimeshuka kwenye kadi ya kliniki? Anakunywa maziwa mabichi? Amepewa dawa gani za duka? Bibi alifungua pindo la kanga, akatoa antibiotiki za aina mbili, zote nusu dozi. Nusu dozi huficha ugonjwa bila kuumaliza.

Kisha mvue nguo zote. Tazama masikio, koo, tezi, ngozi, viungo, papasa bandama.

Mkojo ndio tunaousahau zaidi, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kusema kinachomuuma. Mnawishe vizuri, mama ampakate akiwa na kikopo safi, mnyweshe, msubiri. Acha matone ya kwanza yapite, kinga yanayofuata, kikopo kisiguse ngozi. Tulisubiri karibu saa nzima. Mkojo ulijaa chembe za usaha, dalili ya maambukizi ya njia ya mkojo, nikampa rufaa ukaoteshwe maabara kutambua bakteria.

Kipimo cha Widal peke yake kisikutoshe kusema ni homa ya matumbo. Pima VVU, fikiria kifua kikuu. Homa ya siku 5 yenye macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyopasuka na viganja kuvimba inaweza kuwa ugonjwa wa Kawasaki, unaodhuru mishipa ya moyo. Tiba yake ianze kabla ya siku 10.

Homa ya kila siku iliyopita siku 7 ni ya rufaa. Degedege, shingo kukakamaa, kulegea au kushindwa kunyonya: rufaa saa hiyohiyo. Na wa chini ya miezi 2 usimhesabie siku hata moja.